Chanjo Haimtibu Aliyeugua

Daktari wetu wa mifugo alikuwa akikutazama miguu kabla ya kukusalimu. Hakuwa mfidhuli. Yalikuwa mazoea ya kazi, kwa sababu ng'ombe akiumwa hukueleza kwanza kwa namna anavyokanyaga. Basi ukimwendea pale kwetu Minjila, kwenye bonde la mto Tana, macho yake yalianzia kwenye visigino vyako, yakapanda polepole hadi usoni, ndipo akakutolea salamu. Kufikia hapo alikwisha jua kama ulilala au hukulala.

Tulimwita Daktari, naye hakulipenda jina hilo. Alisema madaktari wamesoma miaka mingi, yeye ni msaidizi mwenye sindano na pikipiki. Lakini huko malishoni, ambako baba yangu na wafugaji wenzake hulala na ng'ombe wao, hakuna mwingine aliyefika, kwa hiyo tuliendelea kumwita hivyo. Alikotoka sikumwuliza. Alikuwa na Kiorma cha kuwatosha ng'ombe, Kipokomo cha sokoni na Kiswahili cha kukatakata, na kila upande ulidhani ni mtu wa upande wa pili. Nadhani hilo lilimfaa. Bondeni kwetu mkulima Mpokomo na mfugaji Muorma wanaweza kugombana kwa unyayo mmoja wa ng'ombe ndani ya shamba, naye aliitwa na wote wawili.

Tulipanga vyumba kwenye ploti moja. Mlango wake ulitazamana na wangu, na katikati yetu kulikuwa na mwarobaini na tangi la maji. Mimi ni muuza maziwa. Maziwa ya zizi la Abba, baba yangu, hunifikia alfajiri, nikayachemsha, nikayapeleka Garsen, nikarudi adhuhuri. Kwa hiyo nilimwona Daktari akitoka na nikamwona akirudi, na mtu unayemwona akitoka na kurudi kwa miaka, utamjua hata kama hakuambii kitu.

Alikuwa mtu wa masharti. Akirudi kazini hakuingia ndani moja kwa moja. Alivua buti, akaosha mikono na miguu penye tangi, akavua shati la kazi na kulitundika nje kwenye msumari. Shati lile halikuvuka kizingiti. Alisema harufu ya ng'ombe mgonjwa ikilala chumbani na mtu, itaota naye. Kisha alikula, tena alikula ameketi, na mtu mwingine akiwepo, hata kama mtu huyo ni mwanangu Saadia akichezea mchuzi. Kula juu ya pikipiki alikuita kula kwa fisi.

Alasiri ikishaadhiniwa, alizima simu na kuitia ndani ya mkebe wa unga. Wafugaji walilalamika sana. Abba mwenyewe alinituma mara moja nikamwambie kuwa ng'ombe hajui alasiri. Daktari alinijibu kwamba ng'ombe alikuwepo kabla ya simu na atakuwepo baada yake, na kwamba kama nina maneno zaidi niyaseme asubuhi. Simu ikishalala ungani, alitembea kwa miguu, pikipiki ameiacha, hadi ukingoni mwa bonde pale nyasi zinapoanza. Hakwenda kufanya lolote huko. Alisimama, akatazama korongo wakitua, akarudi. Nyuma ya ploti alikuwa na matuta ya mchicha aliyoyatilia samadi ya mbuzi, na kabla ya magharibi ungemkuta amechuchumaa akipalilia taratibu, kama mtu anayemchana mtoto nywele.

Usidhani alikuwa mpole. Ng'ombe aliwasemesha kama wagonjwa wa hospitali, "pole mama, pole, nimemaliza," halafu akageuka kwa mwenye ng'ombe na kumfokea kwa nini amekaa na ugonjwa muda wote huo. Alikuwa bahili wa sukari, angekukopesha kijiko na kukukumbusha, lakini petroli yake mwenyewe aliichoma kwenda kumwona punda wa bibi asiye na kitu. Aliweza kusimama chini ya pembe za fahali mkali bila kupepesa jicho, na aliogopa mtumbwi. Jirani yetu Mama Komora, Mpokomo wa Hewani, alimwalika siku moja kwenye harusi kwao ng'ambo ya mto. Daktari alivuka ameshika kingo zote mbili, macho ameyafumba, kanzu imelowa. Alipofika akasema si mamba anaowaogopa. Anachoogopa ni kukalia kitu kisicho na miguu. Mama Komora alicheka mpaka akaketi chini, na tangu siku hiyo, kila akimwona, aliinua mguu mmoja.

Mimi alinisaidia kabla sijajua kuwa nahitaji msaada. Ulikuwa mwaka ule mama mkwe wangu alipopooza upande mmoja. Mume wangu alikuwa Mombasa kwa kazi, mdogo wa Saadia alikuwa bado ananyonya, na maziwa yalinisubiri kila alfajiri. Nilianza kuunguza maziwa. Nilisimama mbele ya sufuria nikiyaona yakipanda, yakafurika, yakazima moto, na mkono wangu haukuinuka. Wateja Garsen walianza kunirudishia chupa wakisema yananuka moshi. Mimi nikadhani nimerogwa, na kusema kweli nilikwisha kuwa na mtu niliyemshuku.

Daktari alionja maziwa yale, akayatema pembeni ya mwarobaini. Hakuniambia pole.

"Ng'ombe akibana maziwa," alisema, "mjinga hutazama kiwele. Mwenye akili huuliza anakula nini na analala wapi. Wewe Mama Saadia, unalala wapi?"

Nilikuwa nalala nimeketi, kichwa kwenye kitanda cha mgonjwa, nikila kilichobaki kwenye sahani ya mtoto. Alinipa masharti yake kama anavyompa mfugaji dawa, bila tabasamu. Siku moja katika wiki maziwa yasiende Garsen, yagandishwe nyumbani. Baada ya adhuhuri nijilaze mkekani, hata usingizi usipokuja, mlango wazi na Mama Komora akimwangalia mgonjwa. Nile kabla ya watoto, siyo baada yao. Nitembee mpaka barabarani na kurudi bila kubeba kitu mikononi, kwa sababu mikono yangu imesahau kuwa mitupu. Na nikilia, nilie nje, siyo jikoni.

Nilimwona mwendawazimu. Nilifanya kwa hasira, ili nimwonyeshe kuwa haifai. Ilichukua muda, lakini asubuhi moja maziwa yalipanda na mkono wangu ukainuka wenyewe, ukaepua sufuria.

Kuhusu kuchoka alikuwa na maneno yake, na aliyasema mara nyingi mpaka yakawa maneno ya ploti nzima. Alisema kuna uchovu wa mwili, huo unalala nao na asubuhi umeondoka. Na kuna uchovu wa ndani, huo unalala nao na unaamka nao, na ukienda hajj utakwenda nao. Alisema ng'ombe wa kulima akichoka hapigwi, anafunguliwa nira. Alisema pumziko ni chanjo: lazima lidungwe mnyama akiwa mzima, na ndiyo maana watu hulidharau, kwa kuwa mzima haoni anakingwa na nini.

Alitusemea sisi. Yeye mwenyewe, nadhani, alijiona amekwisha chanjwa.

Kisha mvua ikakosa. Ilikosa, tukasema itakuja ile nyingine, nayo ikakosa. Wafugaji wakaanza kushuka deltani kutoka mbali, watu tusiowajua, na ng'ombe wao mbavu nje, na nyasi ambazo zingewatosha wetu hazikumtosha mtu. Vichaka vya mathenge tu ndivyo vilivyobaki kijani, na huwezi kufuga ng'ombe kwa miiba. Maziwa yalipungua mpaka nikawa napeleka Garsen kibuyu kimoja, kisha sikupeleka kitu. Nikaanza kuuza chai.

Masharti ya Daktari yalianguka moja baada ya jingine, nami nikiyatazama kutoka mlangoni kwangu. La kwanza lilikuwa simu. Alisema mtu akikupigia alasiri ukiwa umezima, na asubuhi ukamkuta na mzoga, mkebe wa unga hutautazama tena kwa amani. Ikawa simu inalia mfululizo, hata akiwa anaswali, hata akiwa anaoga. Matembezi ya bondeni yakakoma, maana huko sasa kulikuwa na mizoga, na korongo walikuwa wamewapisha tai. Mchicha ulikauka kwa sababu maji ya tangi yalikuwa ya kunywa. Akaanza kula kwa fisi, chapati mkononi, injini inanguruma. Mwishowe siku moja nilimwona akipita mlangoni mwake na shati la kazi mwilini. Nilitaka kumwita. Nikasema moyoni, nimwambie nini, arudi nje akalivue, naye hana hata nguvu za kufungua vifungo?

Jambo lililomla si kazi nyingi. Kazi aliizoea. Ni kwamba alikuwa anaitwa na hana cha kutibu. Njaa haina sindano. Alifika kwenye zizi, akamkuta mtu na wanawe wamesimama kando ya ng'ombe aliyelala, wote wanamtazama yeye na mkoba wake, na ndani ya mkoba mlikuwa na dawa za kupe, za minyoo, za homa, na hakuna hata moja ya nyasi. Aliwaambia ukweli. Wakamshukuru, wakamwomba arudi kesho. Akarudi kesho.

Asubuhi huko malishoni, wanaume huzunguka zizi wakiwainua ng'ombe walioshindwa kusimama wenyewe. Wengine hushika mkia, wengine mabega, wakavuta kwa pamoja. Ng'ombe akisimama, atatembea, atatafuta hata jani kavu, na ataishi siku hiyo. Asiyeinuliwa hafi kwa njaa, anakufa kwa kulala. Daktari aliacha mkoba wake kwenye pikipiki akajiunga na wainuaji. Abba alinisimulia kuwa alivuta mikia pamoja nao mpaka mikono ikachubuka, na alipomaliza zizi moja aliondoka kwenda jingine. Abba alisema hivyo kwa sifa. Mimi sikuona sifa. Niliona mtu amepoteza kazi yake bado anaishika mkononi.

Siku aliyonieleza habari ya mzee wa ng'ombe mmoja, tulikuwa tumekaa chini ya mwarobaini mchana, mimi napanga vikombe. Mzee huyo alikuwa na zizi kubwa zamani, sasa amebakiwa na ng'ombe mmoja jike, naye amelala tayari, macho yamegeuka. Daktari alimwambia amekwisha. Mzee akasema anajua, lakini amdunge. Daktari akamweleza kuwa hakuna dawa itakayomfaa. Mzee akasema tena, amdunge tu, ili aone amedungwa. Basi Daktari, ambaye kwa miaka yote sikumsikia akimdanganya hata mtoto, alitoa bomba, akavuta vitamini kidogo, akamdunga. Mzee akamshika mikono yote miwili akamwombea dua ndefu, yeye na kizazi chake. Ng'ombe alikufa wakiwa bado wanaitikia amina.

"Angenitukana," Daktari aliniambia. "Ningelala."

Kuanzia hapo tulijua kuwa mgonjwa sasa ni yeye, na sote tukaanza kumtibu. Mama yangu alituma samli ya mwisho iliyobaki nyumbani, ya kutia kwenye uji. Mama Komora alimletea samaki wa mto na majani ya mchaichai, akamchemshia jioni na kukaa naye mpaka anywe. Sheikh wa msikiti wetu alikuja akamsomea, akamshauri aswali polepole na asiwe na haraka na sijda. Mimi nilichukua simu yake mwenyewe, mbele yake, nikaizima, nikaitia kwenye mkebe wa unga, nikafunga mfuniko. Nilimtandikia mkeka. Nikamwambia atembee mpaka barabarani na kurudi, mikono mitupu.

Hakukataa hata kimoja. Hilo ndilo lililonitia hofu. Yule mbishi wetu alikunywa uji, akanywa mchaichai, akaitikia dua, akajilaza mkekani macho wazi akitazama matawi. Alitembea mpaka barabarani, akasimama huko mpaka nikamtuma Saadia amrudishe. Dawa zake zote tulimrudishia, moja moja, kama alivyotupa, na zilipita ndani yake kama maji kwenye mchanga.

Nilikasirika nikamwuliza mbona mimi zilinifaa.

"Wewe ulikuwa unaanza kuugua," alisema. "Mimi nilichelewa. Chanjo haimtibu aliyeugua, Mama Saadia. Unalijua hilo, mmeuza maziwa miaka yote kwa sababu mlichanja mapema."

Nikamwambia basi aache kazi, aombe ruhusa, aende. Akasema akienda, nani atakwenda? Hakusema kwa kujivuna. Aliuliza kama mtu anayetaka kuambiwa jina, nami jina sikuwa nalo.

Asubuhi moja niliondoka kupeleka mandazi stendi, nikamwacha ameketi juu ya pikipiki uani, kofia ngumu kichwani, mkoba nyuma. Nikampungia mkono. Niliporudi jua limepanda, alikuwa pale pale. Pikipiki haijawashwa. Jasho lilikuwa linamtiririka chini ya kofia, na mikono ilikuwa kwenye usukani.

Nilimwuliza kama imeharibika.

"Haijaharibika."

"Sasa?"

"Nauambia mguu upige kiki," alisema. "Hausikii."

Mimi na Mama Komora tulimshusha, kila mmoja upande wake. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani mwanamume anaweza kuwa. Tulipokuwa tunamwingiza ndani, simu ikalia mfukoni mwake, naye akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu, ila kwa ndama. Nikaitoa. Ilikuwa namba ya Abba.

Nilitoka nje nikaipokea. Abba, akidhani ni Daktari, alianza moja kwa moja kueleza: yule ng'ombe mwekundu, mama wa zizi zima, ameanguka tangu alfajiri na wamemwinua akaanguka tena. Nikamwambia ni mimi. Nikamwambia Daktari ni mgonjwa. Akauliza ana nini. Nikasema amechoka. Abba akasema kwa sauti ndogo kwamba wote wamechoka, na akakata.

Lakini alikuja. Ng'ombe mwekundu alipokufa, Abba alikuja Minjila na wenzake wawili, wakaingia chumbani kwa Daktari wakaketi chini, fimbo zimelazwa mapajani. Walikaa mpaka adhuhuri. Hawakusema lolote juu ya ng'ombe. Daktari alikuwa amewapa mgongo, uso ukutani. Walipotoka, Abba alisimama penye tangi akaosha uso kwa muda mrefu.

Alisema: "Ng'ombe akishindwa kusimama, tunamwinua. Huyu tumekuja kumwinua. Lakini mtu hana mkia wa kushikwa."

Ndugu yake Daktari alikuja kumchukua wiki hiyo. Vitu vyake vilienea kwenye buti ya teksi. Shati la kazi lilibaki, nililifua, nikalianika, na sikujua nilipeleke wapi.

Mvua ilipokuja, ilikuja kama mtu aliyekasirika kuitwa mara nyingi. Mto ulivunja kingo, mashamba ya Hewani yakazama, watu wakahamia kwenye mwinuko wa barabara na mbuzi wao na magodoro yao. Ng'ombe waliokuwa wamenusurika njaa sasa walisimama kwenye matope siku nzima. Maji yalipopungua, nyasi zikaota mpaka tukamshukuru Mungu, na juu ya nyasi hizo hizo wakaanza kuugua. Walivimba chini ya taya, kama wamebeba mfuko wa maji, wakakonda huku wanakula. Msaidizi mwingine wa mifugo alikuwepo, lakini alikuwa ng'ambo ya mto, na barabara ya kwake ilikuwa imekatika.

Abba alisema Daktari angejua. Alikuwa amesikia kwamba yuko Tarasaa, shambani kwa ndugu yake. Alinipigia picha za ng'ombe watatu waliolala, akazituma kwenye simu yangu, akanituma niende.

Nyumba ilikuwa nyuma ya maduka, mbali kidogo na barabara ya Malindi. Mke wa ndugu yake alinipokea kwa adabu, akaniletea maji, kisha akaniuliza nimekuja kwa lipi. Nikasema nimekuja kumsalimu.

"Wengi wanakuja kumsalimu," alisema. "Halafu wanatoa simu, wanamwonyesha ng'ombe." Hakusema kwa ukali. Aliniambia kuwa miezi mingi hakulala. Sasa analala. Lakini akionyeshwa picha moja, usingizi unaondoka, na kuurudisha ni kazi ya wiki nyingi, na wakati mwingine haurudi wote.

Nilisukuma simu chini kabisa ya mkoba.

Alikuwa kwenye bamia, anapalilia. Amenenepa kidogo, ndevu zina mvi ambazo sikuzijua. Alifurahi kuniona, akaniuliza Saadia yuko darasa gani, akaniuliza kama watu wa Mama Komora walirudi Hewani baada ya maji. Nikamwambia wamerudi, wamejenga upya, na Mama Komora anamsalimu. Alinionyesha matuta yake. Aliongea polepole, akisimama katikati ya sentensi kama mtu anayevuka mto kwa kupapasa. Aliniambia watu wanamwuliza amepona lini, naye hajui la kuwajibu, kwa sababu kuna siku anaamka akiwa mtu na kuna siku anaamka akiwa gunia. Siku ya gunia anapalilia tuta moja. Hiyo ndiyo kazi yake.

Simu ikalia ndani ya mkoba.

Jembe lilisimama. Aliutazama mkoba, akarudi nyuma, akakanyaga bamia zake mwenyewe. Nilijua ni nani anayepiga. Nilijua amesimama wapi na ameshika nini. Sikuipokea. Ililia mpaka ikachoka yenyewe, mimi na yeye tukiisikiliza.

Iliponyamaza, alipumua.

"Na ng'ombe wa baba yako?" aliniuliza.

"Wazima."

"Wote?"

"Wote, Daktari."

Alinitazama. Sijui kama aliniamini. Alisema alhamdulillahi, akainama, akachuma bamia changa za kunijaza mikono miwili, akaniambia nisizipike mpaka zikapondeka. Nikamshukuru. Nilipofika kwenye mpaka wa shamba niligeuka, naye alikuwa ameshikilia jembe wima, bado hajaanza.

Nilimpigia Abba kutoka barabarani. Akaniuliza kama nimempata. Nikasema nimempata. Akaniuliza kama nimemwonyesha. Nikasema sikumwonyesha.

Nyuma yake nilisikia watu wakihesabiana ili wavute pamoja.

"Analala?" aliniuliza.

"Shemeji yake anasema analala."

"Basi mwache alale," alisema Abba, akakata ili arudi kuinua.

Wawili kati ya wale watatu walikufa kabla sijafika Minjila. Wa tatu, yule mdogo, alisimama mwenyewe siku ya pili, akaenda kwenye nyasi. Hatukumpa kitu, na mpaka leo hatujui alisimama kwa nini.